Mguu wa Kwenye Simu

Juzi nilimsindikiza jirani yangu, nyanya wa Kikamba tunayemwita Susu, kwa daktari hapa Mukuyuni. Ana sukari, na kidonda chini ya mguu kimekataa kupona. Tulimkuta daktari ameegemeza simu dirishani, penye network, anafuata somo la daktari bingwa wa Nairobi. Masomo hayo ndiyo humpa alama za kufanya upya leseni yake ya udaktari.

"Daktari, ni huu mguu," jirani akasema.

"Susu, ngoja kidogo, niko darasani," akajibu, macho kwa simu, mkono ukiandika dawa ya maumivu. Hata kiatu hakusema kivuliwe.

Mara simu ikaonyesha picha ya mguu wenye kidonda. Jirani akavua kiatu, akapandisha mguu wake juu ya meza.

"Haya, linganisha."

Daktari akaruka. "Woi! Na mbona hukusema?"

"Nilisema. Ulikuwa unatibu ule wa Nairobi."

Kidonda kikaoshwa, kikafungwa vizuri, na jirani akaandikiwa dawa nyingine. Mimi masomo siyapingi, jameni. Lakini bila ule mguu mezani, daktari angepata alama zake zote, na jirani yangu angekatwa vidole.