Mashavu ya Mama Nthenya

Mwaka wa 1998 soko zima la Muthetheni lilikuwa na madaktari, na wote walitibu kwa mdomo. Mgonjwa wao alikuwa Kavata, fundi cherehani, Mama Nthenya kwa wateja. Alikuwa amekonda mpaka sketi inashikwa kwa pini, akienda chooni mara kumi kwa siku na kutoa damu. Madaktari hao, bila hata kumpima, waliujua ugonjwa wake, wakaacha kumletea nguo wasije wakaambukizwa na uzi.

Daktari wa kweli, kule Nairobi, aliona vidonda kwenye utumbo mpana. Akampa vidonge vya homoni, ndugu wa ile ambayo mwili hujitengenezea, akamwonya asiviache ghafla: mwili ukizoea kuletewa hulala kazini, na ukinyimwa ghafla mtu anaweza kufa. Vingepunguzwa polepole.

Damu ikakoma. Njaa ikaja, akawa anakula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kama mchimba mitaro. Uso nao ukavimba, ukawa mviringo kama sahani, maana ndiyo tabia ya vidonge hivyo. Lakini sokoni uso mnene ni baraka tu. Wale wale waliokwisha kumzika wakamsifu mashavu, na nguo zikarudi.

Kamanthe, mwenyekiti wa akina mama wa maombi, ambaye hakuwahi kukanyaga kwake alipoumwa, akagundua kwamba maombi yake ndiyo yaliyomponya. Kanisani kwao aliyepona hutoa ushuhuda na kuziacha dawa madhabahuni. Jumapili ikapangwa, Kavata hakuulizwa. Akikataa, cherehani italala njaa. Akikubali, atalala yeye kaburini.

Akaenda na kopo lake la vidonge.

“Weka hapo, Mama Nthenya,” Kamanthe akamwambia. “Mtu wa mashavu kama haya yuko na ugonjwa gani tena?”

Kavata akashika kipaza sauti. “Haya mashavu ni ya dawa. Nikiiacha leo, mtanizika. Mungu amenisaidia kwa hii hii. Naomba maji, sijameza ya asubuhi.”

Mchungaji Onesmus akampa glasi yake mwenyewe ya mahubiri. Kavata akameza mbele ya wote.

Jumatatu hakuna aliyeleta nguo. Jumanne Kamanthe akaja na gauni la harusi la bintiye, akauliza kwa sauti ya chini kama vidonge vile vingeweza kumnenepesha msichana kidogo.

Kavata akamjibu kwamba vidonge hapana. Gauni atalibana kiunoni.