Tairi Nyembamba za Pijo la Mama

Gari la mama lilikuwa pijo la zamani, lenye mgongo mrefu na gia kwenye usukani. Rangi yake ya maziwa ilikuwa imeshageuka kuwa rangi ya vumbi la Kibondo. Alilinunua kwa padri mgeni aliyekuwa anarudi kwao, wakati mama ni mkunga wa hospitali na mimi nipo shule ya msingi. Mama si Muha. Serikali ilimleta kutoka milima ya Upare akiwa msichana mwenye sanduku la bati. Alidhani angekaa kidogo ahamishwe, akakaa mpaka akastaafu.

Mwanamke kuendesha gari kwetu siku zile lilikuwa jambo la kuwasimamisha watu njiani. Lile pijo lilibeba wajawazito kutoka Busunzu na Kitahana, maana vijiji vilikuwa vingi na gari la wagonjwa moja. Mpaka leo ukienda sokoni Kibondo utakutana na mtu mzima anayeapa kwamba alizaliwa ndani ya gari la mama. Mama akisikia hucheka. Husema waliozaliwa mle ni wawili tu, wengine wote aliwawahisha hospitali.

Mwaka 2014 nilikuwa nafundisha sekondari Kasulu. Gari lilikuwa limeacha kutembea kitambo. Injini ilikuwa nzima, ila tairi zote vipara, zimepasuka ubavuni, na lilikaa juu ya matofali nyuma ya nyumba, kuku wakitagia chini yake. Kila Jumamosi mama aliliwasha, akaliacha lingurume, akalizima, kisha akaingia ndani kupika.

Likizo ya Juni ilipokaribia alinipigia simu kuniambia anataka tairi. Nikamuuliza za nini, maana akitaka kwenda mahali hupanda basi au bodaboda kama watu wengine. Akasema bibi wa Busunzu sasa ni mtu wa kulala tu.

Bibi wa Busunzu alikuwa mkunga wa jadi. Mama alipofika Kibondo watu walitegemea wawili hao wagombane, mmoja na vyeti vyake, mwingine na mikono yake. Badala yake walifundishana. Bibi alimfundisha mama Kiha, na safari zote zile yeye ndiye aliyekaa kiti cha nyuma amempakata mjamzito, mama akiendesha.

"Nataka niende kwake na gari letu," mama aliniambia. Hakusema gari langu.

Nilianzia Kasulu. Muuza tairi aliniuliza rimu ni namba ngapi, nikamtajia kumi na tano, akanitolea tairi mpya, nene, zinazonukia mpira. Nikazipandisha juu ya basi nikiwa najiona nimemaliza kazi. Nyumbani tulifunga moja mbele. Mama akaketi, akakata usukani palepale uani, na tairi likakwangua madigadi kwa sauti iliyowatoa kuku mbio.

"Hizi ni za pikapu," alisema. Alinieleza kwamba pijo hutembea kwa tairi jembamba na refu, linalochana tope mpaka likute udongo mgumu. Pana lingeelea juu ya tope na kuteleza, na usukani ungemchosha mabega kabla hajamaliza kilima cha kwanza. Nilimwambia huu ni mwezi wa kiangazi, tope liko wapi. Akaniambia mvua itarudi.

Yule muuzaji alizipokea bila maneno mengi, akanielekeza Manyovu. Alisema ng'ambo, Burundi, gari za namna ile bado zinatembea, na vifaa vyake huvuka mpaka.

Nilifika Manyovu malori yamepanga foleni na wabadilisha fedha wamekaa kwenye viti vyao na mafungu ya noti mapajani. Nilionyeshwa banda la Mrundi mmoja wa makamo. Yeye hakuniuliza namba ya rimu. Aliniuliza gari.

"Pijo," nikasema.

"Ya mzee wako?"

"Ya mama."

Akaacha kazi aliyokuwa anafanya. Alisema kaka yake mkubwa alikuwa na moja kama hilo, walikuwa wanabebea samaki wa migebuka kutoka ziwani, na lilibaki huko walipokimbia vita. Aliingia bandani akatoka anaviringisha tairi, nyingine zilizotumika, mbili ambazo hazijawahi kugusa barabara.

Nilizitaka hizo mbili hapohapo. Mama, kwenye simu, aliniambia nisitazame meno kwanza. Nilale juu ya tairi kwa uzito wangu wote, ubavu ukijipinda nitazame. Nikapiga magoti kwenye vumbi na sketi yangu ya kazini, nikalalia. Ubavu ukafunguka nyufa nyembambanyembamba, kama chungu kilichopigwa na jua. Zilikuwa mpya, lakini zimezeekea bandani. Zile zilizotumika zilijipinda na kurudi zikiwa laini. Mama akaniambia nipitishe kiganja ndani kutafuta viraka, nikapitisha, nikakuta kimoja tu. Nikachukua nne hizo na tyubu mpya. Mrundi alizifunga kwa kamba ya katani akacheka, akasema siku nyingine nije na mama mwenyewe.

Fundi wa pancha wa karibu na stendi alikuja nyumbani na vyuma vyake vya kubandulia na pampu ya mkono. Rimu zilikuwa zimeota kutu, na asubuhi nzima mimi na mama tulizisugua kwa msasa, tumekaa kwenye mkeka, ili kutu isije ikatafuna tyubu. Kabla fundi hajaingiza tyubu, mama alikwenda chumbani akarudi na kopo la poda ya watoto. Aliinyunyiza ndani ya tairi na kuisambaza kwa kiganja, taratibu, kama anapaka mgongo wa kichanga. Alisema tyubu isipokwama haipasuki ovyo. Ua mzima ukanukia wodi ya wazazi.

Ubishi ukawa ni wapi ziwekwe mbili zilizo nzuri zaidi kati ya zile nne. Fundi alitaka nyuma, maana ndiko gari linakosukumia. Mama alitaka mbele.

"Nyuma ikipasuka nitalishika," alimwambia. "Mbele ikipasuka hatufiki."

Fundi akafunga alivyoambiwa. Tulipoondoa matofali, pijo likashuka taratibu na kusimama lenyewe. Mama alilizunguka akiwa ameshika mdomo.

Kesho yake asubuhi alivaa kitenge chake kizuri tukaondoka. Aliendesha amejisogeza mbele, kidevu karibu na usukani. Wazee walisimama kando ya barabara, wakampungia kofia. Mahali pamoja alilipeleka gari pembeni ghafla kukwepa shimo, nami nikatazama nyuma nisione shimo. Lilishafukiwa zamani, mikono yake tu ndiyo ilikuwa haijaambiwa.

Busunzu tulimkuta mkamwana wa bibi anaanika maharage. Alitukaribisha, akasema mama mkwe wake hawezi kutoka, tumfuate ndani. Mama hakushuka. Alipiga honi mara mbili, fupifupi. Tukasubiri. Baada ya muda bibi alitokea mlangoni akijishikilia ukutani, amejifunga kanga kifuani, anatazama gari.

Waliongea Kiha, mama na kile Kiha chake ambacho mpaka leo kina mlima wa Upare ndani yake. Mama alimfungulia mlango wa mbele. Bibi akakataa. Akaonyesha wa nyuma. Tukamsaidia kuingia, akakaa mahali pake, na mama naye akaacha usukani akaenda kukaa pembeni yake. Milango ilibaki wazi. Mimi na mkamwana tukaketi kuchambua maharage.

Walicheka sana mwanzoni. Kisha nikamsikia bibi akiuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama mama humkumbuka yule wa Kitahana.

"Simsahau," mama alisema.

Nilikuwa sijawahi kusikia habari za mtu huyo. Maisha yangu yote nilisikia wawili waliozaliwa mle na wengi waliowahishwa. Bibi alipitisha mkono kwenye kiti kilichokuwa kati yao, akaupitisha tena, mama akaushika.

Jioni mama alinipa funguo. Aliketi kando yangu, na njia nzima akanisimulia habari za yule mwanamke. Alikuwa mcheshi. Aliomba maji, kisha akauliza kama wamevuka mto, na bibi akamwambia wameshavuka ingawa walikuwa bado. Mama aliendelea kuendesha hata baada ya bibi kumwambia asiharakishe tena, mwanamke ameshakata roho. Tulipofika nyumbani nilizima injini, lakini hakuwa amemaliza, tukakaa ndani ya gari mpaka akamaliza.

Kiangazi kile alikwenda Busunzu kila alipojisikia. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Mama alijiendesha kwenda kumzika, na hata baada ya hapo hakuacha kwenda. Humpelekea mkamwana sukari na sabuni, wakakaa uani, wakaongea mpaka jua linapoanza kushuka.