Landrova Iliyolalia Kulia

Mwanabaraka alipotoka eda, alichukua ufunguo wa Landrova ya marehemu mumewe, Nyange, akaanza kuiendesha mwenyewe. Kazi ilikuwa ile ile aliyoifanya mumewe: kuwachukua wanawake wachuuzi wa Wambaa na ndoo zao za samaki, kuwapeleka sokoni Chake Chake. Watu walimshangaa kidogo, kisha wakamzoea.

Kilichomkosesha raha ni gari lenyewe. Lilikuwa limelala nyuma, upande wa kulia, na kila alipoliangalia aliliona limezidi. Kwenye kona za kuteremka lilimvuta, na wanawake waliokaa nyuma wakashikana mabega kimya kimya. Mwishowe akalipeleka kwa Fundi Soud, rafiki wa Nyange tangu ujana wao.

"Itakuwa springi imechoka, shemegi," Soud alisema. "Lakini tusibahatishe."

Akatoa kila kitu kilichokuwamo ndani, akasawazisha upepo wa matairi, akalisimamisha gari kwenye sakafu ya saruji. Akapima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, huku na huku. Kulia kulipungua kwa upana wa vidole vitatu. Hapo akalitia jeki, akazitoa springi mbili za nyuma, akazibadilisha: ya kulia akaipeleka kushoto, ya kushoto kulia.

"Kama ubovu ni wa springi, utahama nayo. Tutaiona gari imelalia kushoto."

Wakaliteremsha, wakalitikisa. Lilikuwa limelalia kulia vile vile.

Soud akachukua nyundo. Alijilaza chini ya gari, Mwanabaraka akawa anaona miguu yake tu na kusikia nyundo ikigonga chasi, ile fremu ya chuma inayobeba gari lote. Chuma kililia vizuri, kikalia, kisha sauti ikafifia kama mtu anayegonga gogo lililooza.

"Shemegi, hebu njoo uone weye mwenyewe."

Alikusanya buibui lake, akainama. Juu ya springi ya kulia palikuwa na bati lililochomelewa na kupakwa lami nzito. Soud alilibandua pembeni kwa bisibisi, na kutu ikamwagika kama maganda ya mti. Chasi ilikuwa imeliwa, na springi ilikuwa ikipanda ndani yake kidogo kidogo.

"Maji ya samaki haya. Miaka yanachuruzika hapa."

"Nani alichomelea?"

"Si mimi." Soud alipitisha kidole kwenye mshono wa bati. "Mkono wa Nyange huu. Naujua."

"Basi alikuwa akijua."

Soud akawa anafuta mikono kwa kitambaa, ingawa haikuwa ikitakata.

Mwaka wake wa mwisho, Nyange alikataa katakata kumpakia Mwanabaraka na binti yao Rahma kwenye gari hilo. Hata walipokwenda Shumba kwa mama yake, aliwapandisha gari ya abiria, yeye akafuata nyuma peke yake. Mwanabaraka aliamini ana mwanamke njiani. Waligombana mpaka majirani wakasikia, na homa ilipomchukua Nyange ghafla, walikuwa hawajapatana. Alikuwa amemzika na hasira yake.

Sasa hasira ile haikuwa na pa kukaa, lakini kilichoingia mahali pake hakikumpa nafuu. Mkewe na mwanawe aliwaepusha. Wanawake wa Wambaa aliendelea kuwapakia, kila asubuhi.

"Naweza kutia kiraka kingine," Soud alisema taratibu. "Ukavuka nacho msimu wa karafuu."

"Ungempandisha mkeo?"

Soud alitikisa kichwa.

"Basi kata yote iliyooza, shemegi. Tia chuma kizima, hata ikichukua muda."

Siku ya pili alikwenda Wambaa kwa gari ya abiria, kuwaambia wachuuzi watafute usafiri mwingine kwa sasa. Njiani alipanga maneno ya kuwaeleza kila kitu. Bi Mwatima, mkubwa wao, alimpokea barazani na kumshika mkono.

"Usijali, mwanangu. Mungu amrehemu Nyange. Alitubeba miaka yote hii kwa amani, na wajukuu zetu mapajani."

"Amin," Mwanabaraka akaitikia.

Maneno aliyokuja nayo hakuyatoa; alisema tu kwamba gari liko kwa fundi, akaaga. Gari limeshatengenezwa, limekaa sawa, na wanawake wale wale wanapanda nyuma na ndoo zao. Mpaka leo hajapata siku ya kuwaambia.