Samahani za Glenda Ormerod

Glenda Ormerod aliwahi kumwomba radhi mlango. Alikuwa anatoka dukani na mkate wake, akajigonga bega, akasema, "Oo, samahani," akaenda zake. Walioona hawakucheka, maana kwao Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kila mtu amewahi kufanya hivyo, ila Glenda alizidi. Miaka yote aliyopika katika jiko la shule aliomba radhi kwa viazi vilivyopoa, kwa mvua iliyowanyeshea watoto, hata akamwomba radhi mumewe Frank aliyemtoroka na muuza mazulia. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayeomba msamaha kwa kuweka mguu chini ya kiatu chako.

Basi mtu wa namna hiyo akapewa Tinker.

Tinker alikuwa mbwa wa mashindano ya mbio aliyekwisha kuzeeka, mwembamba, mwenye kovu shingoni la kung'atwa na wenzake. Kituo cha mbwa waliotelekezwa kilimpa Glenda kwa majaribio, kwa sharti moja tu: akimdhuru mbwa mwingine, anarudi kituoni, na kwa umri ule hakuna atakayemtaka tena. Mwanzoni alilala jikoni kaugeukia ukuta. Siku moja wakati wa chai akaja mwenyewe, akaweka kidevu juu ya goti la Glenda, akakiacha hapo. Tangu siku hiyo nyumba ile ilikuwa na watu wawili.

Shida ilikuwa msituni. Msitu wa Hollin una njia za kumtosha kila anayetembeza mbwa, lakini wapo watu ambao njia zote ni zao. Bwana Nigel Prowse alikuwa wa kundi hilo. Kamba ya mbwa wake ilikaa shingoni mwake yeye mwenyewe, kama skafu, na mbwa, dume kubwa la manyoya ya dhahabu liitwalo Monty, alitimka ovyo mitini, matope hadi masikioni. Kwanza unamwona Monty anakujia mbio. Halafu ndipo unasikia sauti ya bwana wake kutoka mbali: "Hana neno! Anataka kucheza tu!"

"Wangu hapendi!" Glenda alikuwa akijibu, huku amejiweka katikati, Tinker anatetemeka nyuma ya magoti yake. "Samahani! Anaogopa! Samahani!"

"Mwache azoee, mama! Unamdekeza!"

Hana neno! Mimi hata kusimulia tu nakasirika. Hana neno kwa nani? Glenda alibadili njia, akabadili saa, akapitia upande wa bwawa ambako matope yanavua watu viatu. Monty akamkuta huko huko.

"Mwambie amfunge," alisema Sheila, rafiki yake mwenye kijibwa kizee kisichosikia. "Usimwombe. Mwambie!"

"Nitamwambia."

"Lini, mwenzangu? Juzi umemshukuru!"

"Nilimshukuru kwa sababu alimwita Monty."

"Alimwita mpaka sauti ikakauka, na Monty hakuja!"

Asubuhi moja ya Novemba, penye daraja la mbao, Monty akamrukia Tinker mgongoni. Kamba imemkaza, hana pa kukimbilia, Tinker akageuka akang'ata. Tone la damu likatokea sikioni mwa Monty. Glenda alikuwa ameangukia ukingo wa daraja, goti limechubuka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikasirika hadi masikio yakamvuma. Bwana Prowse akafika anahema. Glenda akafungua mdomo amwambie yote.

"Samahani," akasema. "Samahani sana."

"Ndiyo, uombe radhi! Unajua mwenyewe kwamba mbwa wako ni hatari!"

Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichomla Glenda kilikuwa neno lake mwenyewe. Jioni ile Bwana Prowse alipiga simu kituoni, na kesho yake Janet wa kituo alikuwa amekaa jikoni kwa Glenda, kikombe cha chai mbele yake, na kamba mpya ya kumchukulia Tinker mkobani.

"Glenda, anasema ulikiri."

"Sikukiri chochote."

"Uliomba samahani, hukuomba?"

"Niliomba."

"Sasa mimi nifanyeje?"

Glenda alieleza yaliyotokea darajani. Alitaka kulia kwa hasira, na alijikasirikia mwenyewe kuliko alivyomkasirikia Prowse. Tinker akasikia sauti imebadilika, akainuka aje kwake, na mkia wake ukakipiga kikombe. Chai yote ikamwagikia Janet mapajani.

"Oo, samahani!" Janet akaruka.

Glenda akamtazama.

"Radhi ya nini?"

"Nini?"

"Mkia wa mbwa wangu, sketi yako. Umeomba radhi ya nini?"

"Labda kikombe nilikiweka ukingoni..."

"Mimi ndiye niliyekiweka. Niwapigie kituoni niwaambie umekiri?"

Janet akaitazama sketi yake, kisha akakaa polepole kwenye kiti kilicholowa. "Atabaki," akasema mwishowe. "Lakini msituni avae kifunga mdomo. Siwezi zaidi ya hapo."

"Na Monty?"

"Monty si wetu, Glenda."

Hiyo ndiyo haki aliyoipata. Aliyevamiwa akafungwa mdomo, mvamizi akaendelea kula upepo. Jumamosi watu msituni waliwavuta watoto wao kando walipomwona Tinker na ule wavu usoni, na Glenda akawa anameza mate machungu hatua kwa hatua. Walipofika darajani, manyoya ya dhahabu yakachomoza mitini.

"Hana ne—"

"MFUNGE MBWA WAKO!"

Ilikuwa sauti ya jiko la shule, ile ya kunyamazisha watoto mia mbili wenye njaa, ambayo Glenda hakuwahi kuitumia kwa mtu mzima. Kunguru waliruka. Monty mwenyewe alikaa kitako. Bwana Prowse akaivua kamba shingoni mwake, akamfunga mbwa, akaja amekodolea macho buti zake.

"Samahani," akanong'ona.

Jibu lilikuwa tayari ulimini mwa Glenda, kama desturi: hamna neno. Akalimeza. Akabaki katikati ya njia na Tinker wake, na Bwana Prowse akapita matopeni.