Vidole vya Mama Ukutani

Kila Desemba nilikandika upya nyumba yetu kwa udongo mwekundu na majivu, kama mama alivyonifundisha. Ukuta mmoja tu sikuugusa. Ni ule wa ndani, kando ya mlango wa jikoni, ambako mama alichora mawimbi kwa vidole vitatu mwaka aliofariki. Baba alikuwa ametangulia. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikalea wadogo zangu mbele ya ukuta ule, na yeyote aliyeuegemea nilimfokea.

Mdogo wetu wa mwisho, ambaye mama alimwacha ananyonya, sasa anachora mabango ya maduka mjini Tarime. Ameleta tofali na mabati anijengee nyumba palepale, maana ya zamani imepasuka na upande mmoja umeinama. Nilimshukuru. Kisha kila fundi alipokuja nikapata sababu ya kumrudisha.

"Dada, shida ni huo ukuta?" akaniuliza.

Alishaupiga picha kwa simu, lakini rangi ilitoka kama ini. Safari iliyofuata alikuja na vichupa vya wino wa akriliki na daftari la michoro lenye karatasi nene.

"Uchore mwenyewe," alisema. "Ukiridhika, tunabomoa."

Nikaketi kwenye kigoda mbele ya ukuta, nikamimina wino mwekundu kwenye kisosi, nikachovya vidole na kuvuta wimbi la kwanza. Liling'aa kama tangazo la soda. Sikujali, kwa sababu mama akikosea alilowesha kitambaa, akafuta, akaanza tena. Nilipoleta kitambaa changu, rangi haikusogea. Nikasugua mpaka karatasi ikatoa nyuzi.

Mdogo wangu akacheka. "Hiyo siyo udongo, dada. Ikikauka imekauka."

"Rangi gani hii isiyosamehe, mura?"

"Weka nyingine juu. Nyepesi, maji mengi."

Niliharibu kurasa nyingi. Njano ilizidi, nyeusi ikala kila kitu. Kijani kidogo ndicho kilichopunguza ukali wa nyekundu, nisingedhani. Nikapaka tabaka, nikasubiri likauke, nikapaka jingine, hadi alasiri rangi ikaja. Nilipoishikiza karatasi ukutani, sikuona tofauti.

Lakini mistari haikuwa yake. Ya mama ilikaribiana, yangu ilikuwa mipana, imeachana. Kwa mara ya kwanza tangu tumzike niliweka vidole vyangu kwenye mifereji aliyoiacha. Havikuingia. Vimenenepa kwa jembe. Miaka yote nilimkumbuka mama kama mtu mzima, mkubwa kwangu, kumbe ule ulikuwa mkono mwembamba wa mwanamke kijana. Nimeshampita umri.

Mdogo wangu akalisogeza daftari kwenye mwanga wa mlango.

"Ndivyo alivyochora?"

"Rangi ndiyo yenyewe," nikamwambia. "Mkono ni wangu."

Akautazama ukurasa, hakuugeukia ukuta. "Mkono huo ndio ninaoujua mimi," akasema.

Alisema kwa upendo, nami nikaumia kuliko siku ya msiba. Nilikuwa nikiulinda ukuta ule ili asimsahau mama, na yeye hakuwa na cha kusahau.

Nikamwambia ampigie fundi. Kisha nikaenda nyuma ya zizi, nikalia huko asinione.