Mkeka wa Sikujua

Kila asubuhi Pudensiana alimtwisha bintiye Sikujua mkeka uliolowa mkojo, akamzungusha mitaa ya Misunkumilo huku watoto wakimzomea. Majirani walisema eti ana pepo: shuleni haongei, na sufuria ikianguka anajificha uvunguni.

Mwaka tisini na nne baba yake, Kassiani, alikwenda Inyonga kulima tumbaku. Msimu mzima mkeka ulikuwa mkavu, na mtoto akajifunza kucheka.

Jioni moja kengele ya baiskeli ya Kassiani ikalia uani. Sikujua akajikojolea palepale amesimama, macho kwenye mkanda wa kiunoni mwa baba yake, ule uliouzoea mgongo wa mama. Pudensiana naye alikuwa amejibanza nyuma ya mlango.

Aliyestahili kuzungushwa mitaani akizomewa alishakaa kwenye kigoda, anauliza maji ya kuoga yako wapi.