Mahindi ya Vuli

Matone ya kwanza yamepiga vumbi la mtaani, na harufu yake imenirudisha uani kwetu Kariakoo, miaka ile ya foleni za unga. Bibi alikuwa amekuja kutoka kusini na jembe lake, limefungwa kitenge. Kwao mvua ni moja tu, ikianza inanyesha mpaka mahindi yakomae. Basi vuli ilipodondoka, akalima ua mzima, akapanda.

“Bibi, hii vuli tu, itakata,” mama mwenye nyumba alimwambia huku akicheka.

“Mvua ikatwe na nani?”

Ikakata. Mahindi yalikuwa yamenifika kiunoni, majani yakaanza kujisokota. Bibi akashinda kibarazani, anaitazama mbingu kama mtu aliyenyimwa salamu. Asubuhi moja mama mwenye nyumba akatoka na maji aliyooshea mchele, akayamimina kwenye mashina. Wapangaji wakafuata na ya kusuuzia nguo, ya vyombo, ya kunawia.

Tulipoyachoma mahindi yale, niliapa yananukia sabuni. Bibi akamkabidhi mama mwenye nyumba hindi nono kuliko yote.

“Nilikuuliza,” akasema, “mvua ikatwe na nani?”